Friji la mama la 1993 na langu la 2019

Mama ana friji la mlango mmoja aliloletewa na mjomba kutoka Muscat mwaka 1993. Mimi nina la milango miwili, lile lisilogandisha barafu ukutani, nililonunua jipya dukani 2019. Nyumba zetu ziko uwanja mmoja hapa Tanga, kwa hiyo umeme ukizingua unazingua kote, na chumvi ya bahari inakula bati la kila mtu.

Langu miaka miwili na nusu ya kwanza sikuwa na neno nalo. Kimya kabisa, mpaka uweke sikio. Halafu usiku mmoja umeme ukakatika na kurudi mara tatu ndani ya robo saa. Asubuhi taa ya ndani inawaka, baridi hakuna. Fundi alifungua nyuma, akachomoa kadi ya ukubwa wa kiganja na kunionyesha doa jeusi linalonuka plastiki ya kuungua. Kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, nzima, na gesi ipo, ila kadi ndiyo inayoiamrisha kompresa. Ikaagizwa Dar: 180,000 pamoja na ufundi, siku kumi na moja. Kilo tatu za nguru zikahamia kwa mama. Maziwa tuliyamwaga.

La mama halina kadi ya kuungua. Thermostati yake ni ya kuzungusha kwa mkono, na ndani yake mna kimrija chembamba chenye gesi: joto likipanda gesi inatanuka, inasukuma swichi, basi. Kwa miaka yote hiyo limebadilishwa relei, ile swichi ya kuiwashia kompresa, mara mbili na mpira wa mlango mara moja. Gesi ilitoka mara moja tu, na hiyo ni dhambi yangu. Nilikuwa kijana, nabandua barafu za ubuyu kwa kisu, nikasikia fyuuu. Gesi yenyewe ilikuwa R12, ile inayoharibu tabaka la ozoni na ambayo mkataba wa Montreal wa 1987 uliianzishia safari ya kuondoka. Fundi akaziba tundu, akabadilisha oili ya kompresa, akajaza R134a, gesi iliyochukua nafasi yake. Nilichapwa, friji likapona.

Umeme ukikatika mama huchomoa plagi na kuitundika kwenye mpini wa mlango. Ukirudi hachomeki mpaka chai ichemke. Tumemcheka miaka. Kumbe presha kwenye mabomba inahitaji dakika chache kutulia. Kompresa ikilazimishwa kuwaka papo hapo inang'ang'ana, inapata moto, mwisho inakufa. Friji gadi niliyonunua kwa 45,000 baada ya kadi kuungua inafanya hicho hicho anachofanya mama, na pia inakata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi. Tangu niifunge, kadi haijasumbua tena.

Lakini tusidanganyane kwamba vya zamani vyote vilikuwa chuma. Mtaani kwetu mafriji ya umri wa la mama ninayoyajua ni matano. Moja ni kabati la unga dukani, jingine wanafugia vifaranga, mawili yalishauzwa chuma chakavu. Tunalisifia hili kwa sababu ndilo lililobaki.

Na linakula umeme. Kila nyumba ina mita yake, kwa hiyo usiku mmoja tulizima kila kitu, tukabakiza mafriji tu kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. La mama lilitumia uniti 0.9, langu 0.3, na langu ndilo kubwa. Kwa mwezi tofauti ni kama uniti 54. Kwa shilingi 356 ninayolipia uniti moja, ni elfu kumi na tisa na ushei. Ile kadi ilijilipa kwa chini ya miezi kumi.

Ukinunua jipya, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema R600a, hiyo ni gesi inayoshika moto. Imo kidogo tu, haina shida ikiwa ndani ya mabomba, ila fundi anayekuja na mtungi wa kuchomelea muulize kwanza kama anaijua.

Langu nalipatia nyota nne. Nilimpelekea mama ile hesabu ya elfu kumi na tisa, nimeiandika vizuri kwenye karatasi. Akaisoma yote, akaniuliza: "Na yale maziwa, mwanangu, umeyaandika wapi?"