Lenzi ya Kwanza kwa Ndege za Kivita: Ununue Ipi Kabla ya Kwenda Red Flag?

Kila anayeniambia anataka kwenda Nellis, kambi ya Jeshi la Anga la Marekani, kupiga picha za ndege za mazoezi ya Red Flag huanza kwa kuniuliza anunue kamera gani. Mimi humuuliza mkono wake unaweza kubeba nini kwa saa tatu juani. Kamera nzuri ya miaka kumi iliyopita bado inafaa, mfano Canon 7D Mark II au Nikon D500, zote zinapiga picha 10 kwa sekunde. Lenzi ndiyo itakayoamua kama utarudi na ndege au na mikia ya ndege.

Kwa asiyejua, Red Flag ni mazoezi ya vita vya angani ya Jeshi la Anga la Marekani, yaliyoanza 1975 katika kambi ya Nellis, pembeni ya Las Vegas. Vita vya Vietnam viliwafundisha kwamba rubani akishavuka misheni kumi za mwanzo, nafasi yake ya kubaki hai inapanda sana, wakaamua azimalize hizo kumi mazoezini. Kuna marubani ambao kazi yao ni kuwa adui, wale wa kikosi cha 64 cha Aggressor, wenye F-16 zilizopakwa rangi kama za ndege za Kirusi. Hizo ndizo kila mtu anazisubiri. Huhitaji kuingia kambini. Watu husimama nje, upande wa uwanja wa mbio za magari wa Las Vegas Motor Speedway, na ndege zikirukia upande huo zinapita karibu mno. Lishike hilo, maana ndilo lililopanga orodha yangu.

1. Lenzi ya milimita 100-400

Hii ndiyo ya kununua kwanza, na sina wasiwasi kusema hivyo. Milimita zikiwa nyingi, ndege ya mbali inaonekana karibu zaidi. Ukiwa na Canon mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), chukua RF 100-400mm f/5.6-8. Ilitoka 2021 kwa dola 649 na ina gramu 635 tu. Ukiifunga kwenye kamera yenye sensa ndogo (kipande kinachonasa picha) kama R7, zile milimita 400 zinakupa mwonekano wa 640. Mwenye Sony atafute Sigma 100-400 DG DN ya 2020. Mwenye Canon ya zamani asiikose EF 100-400 II iliyotumika. Ina karibu kilo moja na nusu, lakini ni chuma cha kweli.

Udhaifu wa ile RF ni giza. Kwenye 400 inafika f/8, yaani tundu la kuingizia mwanga ni dogo, na ndege za jioni zikianza kuruka jua likizama, picha zinajaa chenga. Mchana haina shida.

Mara yangu ya kwanza nilikodi lenzi ya 600 nikiamini kubwa ndiyo bora. F-15E mbili ziliruka pamoja, moto ukitoka nyuma ya injini, mlio ukanigonga kifuani. Nilipozipata kwenye kioo, zilikuwa zimeshapita. Siku ya pili nikaazima ya 100-400. Nikaanza na 200, nikaifuata F-16 tangu ikiwa mbali, nikavuta taratibu ilipokuwa ikiinama kugeuka. Usiku nikaikuza ile picha kwenye kompyuta: helmeti ya rubani imegeukia upande wetu, na ribiti za bawa unaweza kuzihesabu moja moja. Sijawahi kuifuta.

2. Sigma au Tamron 150-600 iliyotumika

Sigma ya Contemporary ilianza kuuzwa kwa dola 1,089, na iliyotumika unaipata chini ya hapo. Inafika mbali kwa pesa ndogo. Ila ina karibu kilo mbili, na mwanzoni mkono utatetemeka. Jambo jingine ni mvuke wa joto. Lami na mchanga wa Nevada vikishika moto, hewa inacheza na ndege ya mbali inatoka kama imechorwa majini. Milimita 600 haziondoi hilo, zinalikuza.

Ukinunua iliyotumika, washa tochi ya simu uimulike ndani ya kioo kutafuta ukungu, hasa kama lenzi imewahi kukaa mji wenye unyevu kama Mombasa au Dar es Salaam. Zungusha pete ya kuvuta picha karibu, usikie kama inakwaruza. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, upige magari yanayopita barabarani. Muuzaji akikukatalia hilo, ondoka. Mimi nilikubali kutojaribu mara moja, nikauziwa lenzi ambayo fokasi yake ilikuwa inaenda na kurudi bila kushika.

3. Nikon Z 180-600 na Sony 200-600

Ni bora kuliko namba mbili kwa karibu kila kitu, isipokuwa bei na uzito. Nikon ilitoka 2023 kwa karibu dola 1,700, na Sony 2019 kwa karibu 2,000. Nimeziweka huku kwa sababu ya neno moja: anayeanza. Ukishaipenda kazi hii mwaka mzima, njoo uzichukue.

4. 70-300 ndogo

Kama tayari unayo, nenda nayo. Kuinunua mpya kwa ajili ya Nellis, hapana.

Ekstenda za kuongeza urefu usizinunue kabisa kwa sasa. Zinakula mwanga na kuchelewesha fokasi. Pesa hiyo nunua memori kadi yenye kasi, vizibo vya masikio na maji ya kutosha.

Kwa jeti weka shata 1/1600 ya sekunde. C-130, ndege ya mizigo yenye panga, ikija shuka hadi 1/160, la sivyo panga za injini zitaganda na ndege itaonekana imezimika angani.

Kwa Wakenya wenzangu, lenzi hii ukiirudisha nyumbani, usiielekeze Laikipia Air Base kule Nanyuki, hata ndege zetu za kivita za F-5 zikikuvutia namna gani. Kupiga picha maeneo ya jeshi bila ruhusa ni kosa. Subiri tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, ndege zinapopita juu ya umati. Hapo 100-400 inatosha kabisa.