Uzoefu wangu: kupima macho kwenye duka la miwani, Mwanza mjini

Nyota nne kati ya tano, na zote ni za mpimaji, si za fremu.

Cheti chake cha usajili wa Baraza la Optometria kimetundikwa ukutani. Alianza na maswali: kisukari, presha, dawa ninazotumia, glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho) kwenye ukoo, na kazi naifanya umbali gani kutoka machoni. Hilo la mwisho wapimaji wengi hawaulizi. Miwani ya kusomea hukadiriwa kwa sentimita 40. Mshona nyavu anayefanya kazi kwa sentimita 60 akipewa hiyo, atainama kutwa nzima.

Mashine ya kompyuta aliitumia kama mwanzo tu, na hapo ndipo nilipomwamini. Jicho la kijana au mtoto hujikaza likichungulia ndani ya mashine, namba ya kutoa (−), ile ya wasioona mbali, ikapanda bure. Akahakikisha kwa lenzi za majaribio, jicho moja moja, ubao ukiwa mita 6. Kisha kibao chenye tundu dogo: herufi zikisomeka vizuri zaidi kupitia tundu, mara nyingi lenzi itasaidia. Zisiposomeka, huenda kuna ugonjwa ndani ya jicho, na wajibu wake ni barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure. Kumuuzia mtu huyo miwani ni kumcheleweshea matibabu.

Presha ya jicho alipima (kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki), na bado akaangalia mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, kwa kuwa glakoma huweza kuwepo hata presha ikiwa ya kawaida.

Nyota ya tano imepotea kaunta. Maswali ya magonjwa yaliulizwa pale, foleni ikisikia. Siri ya mgonjwa inaanzia hapo, hata kama ni kwa kuvuta pazia tu. Pia cheti cha miwani kilikuwa na namba zote isipokuwa umbali kati ya mboni, kwa milimita. Nilipodai, kikaandikwa. Bila kipimo hicho huwezi kutengenezesha kwingine kwa uhakika: kwenye lenzi ya −5.00, kitovu kikikosewa milimita 4 tu picha husogea, kichwa kikauma.

Siku ya kuchukua, omba lenzi zisomwe kwenye mashine mbele yako, zilinganishwe na cheti. Kwangu walikubali bila kununa.