Contra ya Kampala na Contra ya Japani: uzoefu wangu na Contra Anniversary Collection

Contra Anniversary Collection, mkusanyo wa 2019 wa gemu za kukimbia na kupiga risasi za kampuni ya Konami, nimeununua kwa ajili ya gemu moja: Contra ya Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo ya Japani), toleo la Japani la 1988. Nilitaka kuona kile ambacho sisi wa Kampala hatukuwahi kuonyeshwa.

Na kipo. Kaseti ya Japani ilikuwa na chipu ya ziada, VRC2, ambayo ya Marekani haikuwa nayo. Msituni minazi inayumba kwa upepo. Kwenye hatua ya theluji, theluji yenyewe inapeperuka. Kuta za pango la mwisho zinapwita, ziko hai, na bosi hujamfikia bado. Kabla ya kila hatua unaonyeshwa ramani, na hadithi inasimuliwa kwa picha. Mambo haya yote yaliondolewa katika toleo la Marekani, na mimi nayaona ndiyo roho ya gemu.

Ugumu ni habari nyingine. Mashine tulizokulia nazo ziliiga Famicom, na televisheni zetu Uganda zilikuwa za mfumo wa PAL: picha 50 kwa sekunde, wakati gemu ilitengenezwa kwa 60. Contra huhesabu kila kitu kwa picha, kuruka, kukimbia, risasi, kwa hiyo kwetu ilipungua mwendo kwa karibu moja ya sita. Ongeza kaseti za gemu nyingi zilizokuwa zinakuanzishia na roho 30 (nafasi za kufa) bila kubonyeza chochote. Hapa unapewa roho tatu na mwendo kamili. Risasi moja, umekwenda. Vidole vinajua njia yote, lakini adui anafika mapema kuliko vinavyokumbuka!

Maporomoko ya hatua ya tatu bado ndiyo mtihani wa undugu. Skrini inapanda na aliyetangulia, na aliyebaki chini anakufa hata kama hakuguswa. Nimecheza na mdogo wangu, na ugomvi wetu wa zamani ukaanza pale pale ulipoishia. Anayeshika bunduki ya S, ile inayotawanya risasi, apande wa pili, ndiyo sheria yetu.

Ulaya walipata kitu cha ajabu zaidi. Mwaka 1990 gemu hii iliuzwa huko kwa jina Probotector, Bill na Lance, askari wawili unaowachezesha, wakageuzwa roboti, kwa kuhofia sheria za Ujerumani za kulinda vijana. Humu yumo ndugu yake wa mashine ya Super Nintendo, Super Probotector. Roboti zinapendeza, ila mimi nabaki na Bill.

Ukifika Hard Corps, Contra nyingine ya 1994 iliyomo humu, chagua ya Japani, iliyoongezwa bure baadaye. Kule mchezaji anahimili mapigo matatu kabla ya kufa. Toleo la Marekani linakuua kwa pigo moja, na nafasi za kuendelea zina kikomo. Ni tofauti ya kumaliza gemu na kutomaliza.

Unaweza kuhifadhi mchezo popote, jambo ambalo kwenye kompyuta ya mezani mtaani kwetu lina thamani kubwa, maana umeme hauagi. Kipo pia kitabu cha kidijitali chenye michoro ya zamani ya watengenezaji, kisome.

Usicheze kwa kibodi. Kurusha risasi kwa mshazari huku unaruka kunahitaji kontrola, hata ile ya bei rahisi ya waya.