Ubao wa kwanza wa mawimbi: upi ununue, upi uuache

Wengi wanaoanza kuteleza kwenye mawimbi hununua kwa macho. Mtu kaona video ya kijana anayekata kona kwenye kiubao chembamba chenye ncha, basi naye anakitafuta hicho hicho. Kiubao kama kile huwa na ujazo wa lita 28 au 30 hivi. Mpe mtu wa kilo 75 ambaye mikono yake haijazoea kupiga kasia: ubao unazama chini yake, wimbi linampita, yeye anabaki kulitazama mgongo.

Kwa hiyo ulizia lita kabla ya kuulizia rangi. Anayeanza asishuke chini ya lita zinazolingana na kilo zake, na zikizidi ndiyo raha yenyewe. Mbao nyingi za kiwandani huandikwa vipimo chini, karibu na mapezi ya mkiani. Zile za kuchongwa kwa mkono, tazama ule utepe wa mti unaopita katikati: mara nyingi mchongaji kaandika kwa penseli, chini ya faiba.

Namba moja kwangu, bila kusitasita, ni ubao wa sponji wa futi 8. Juu laini, chini plastiki, mapezi yanayopinda. Kwa kawaida hubeba kati ya lita 70 na 90, kwa hiyo hata wimbi dogo lililokwisha kuvunjika linakusukuma. Sehemu kubwa ya mwambao wetu, kuanzia Kenya hadi Tanzania, imekingwa na mwamba, na mawimbi yanayofika ndani ni ya namna hiyo hiyo, madogo na povu tupu. Halafu utaanguka sana, na ubao utakurudia kichwani. Ukiwa wa sponji utapata nundu. Ukiwa wa faiba huenda ukashonwa. Ubaya wake ni kwamba hauna maisha marefu, na ukishaanza kukata kona utauona mzito.

Wa pili ni ubao mgumu wa futi 7 na nusu hivi, mpana, wenye pua ya duara. Huu unamfaa anayeishi karibu na bahari na ana uhakika ataendelea, kwa sababu hatauchoka upesi. Hapa ujue umetengenezwa kwa kitu gani, maana siku ukipasuka utampelekea fundi wa boti za faiba. Mafundi wengi wa boti hutumia gundi ya poliesta. Ndani ya ubao wa epoksi, gundi ya aina nyingine, kwa kawaida kuna povu jeupe la chembechembe, lile linalofungiwa televisheni mpya. Poliesta ikiligusa inaliyeyusha, na tundu la ukubwa wa kidole linakuwa shimo la kuingia ngumi. Mwambie fundi mapema: epoksi kwa epoksi.

Wa tatu ni ubao mrefu wa futi 9. Kwa kudaka mawimbi hauna mpinzani, na kama kuna mahali pa kuulaza pale pale ufukweni ningeupandisha juu ya huo wa pili. Lakini futi 9 ni karibu mita 2.75. Jaribu kuuingiza kwenye daladala.

Kibao cha kulalia kifudifudi ni rahisi kwa bei na watoto wanakifurahia, ila hakikufundishi kusimama. Mbao fupi za ncha, pamoja na zile zenye mkia wa samaki, ziache kwanza, hata ukipunguziwa bei.

Uliotumika si vibaya. Kwa ubao mgumu ndivyo ningenunua. Ukague juani, si chumbani. Bonyeza kwa dole gumba pale miguu inapokaa: pakibonyea na kurudi, faiba imeachana na povu. Nyufa za nywele si neno, lakini ufa wenye madoa ya kahawia pembeni umekwisha kunywa maji. Unyanyue, ukiwa mzito kuliko ukubwa wake, au ukitoa tone kwenye mashimo ya mapezi, rudisha pesa mfukoni. Kwa wa sponji, vuta kidogo pale inapofungwa kamba ya mguuni na uangalie kama plastiki ya chini imeanza kubanduka mkiani.

Kamba hiyo ya mguuni iwe na urefu sawa na ubao, na usinunue iliyochakaa hata kama imetupiwa bure. Nta, ile ya kupaka juu ya ubao ili mguu usiteleze, chagua ya maji ya joto. Ile ya bahari za baridi huku kwetu inayeyuka na kuteleza. Na ubao usiuache ndani ya gari lililofungwa mchana: joto huvimbisha povu, na faiba huanza kuachia.