Nailoni ya bwawa ya milimita 0.5, baada ya masika mawili nyuma ya nyumba yangu

Hii nailoni nyeusi wanaitandika wafugaji wa samaki. Mimi samaki sifugi. Nilitaka maji ya vyura hapa Tengeru, maana mfereji waliokuwa wakililia kila masika umejengewa zege.

Niliinunua Arusha mjini, wanauza kwa mita ya mraba. Muuzaji aliposikia shimo ni mita 3 kwa 2, akashika mkasi akate kipande hichohicho. Nikamzuia. Shimo lina kina cha sentimita 60, kwa hiyo urefu na upana vyote unaviongezea kina mara mbili, halafu sentimita 40 za kufukia kila ukingo. Nilichukua 5 kwa 4. Pigeni hesabu nyumbani kabla ya kwenda dukani.

Chini nilitandika mchanga na magunia makuukuu. Nailoni ni ngumu, kona zinagoma kukunjika. Ianikeni juani kwanza, italegea. Ile ya milimita 1 kwa bwawa dogo hivi msihangaike nayo.

Kwa kushika maji sina neno, haijavuja hata siku moja. Kasoro yake ni utelezi. Wiki ya tatu, alfajiri, nilimkuta kalunguyeye anazunguka kandokando ndani ya maji, kucha zinakwaruza nailoni na kuteleza, pua tu ndiyo iko juu. Nilimwopoa kwa ungo. Alijikunja kwenye majani, hakujikunjua mpaka jua lilipopanda. Niliumia sana. Siku hiyohiyo nikapanga mawe upande mmoja, toka chini hadi juu, yawe ngazi. Dukani hawakuambii hili. Kwa mfugaji wa samaki si shida.

Jirani yangu alihofia mbu, na hakukosea. Mwezi wa kwanza kila jioni nilikuwa nachota viluwiluwi vyao kwa chujio la chai. Kisha kereng'ende wakaja kutaga, na watoto wao wanaoishi majini ndio wanaovila sasa. Perege sikuweka, wangemaliza mayai ya vyura.

Mayai niliyaona Aprili: uzi mrefu wa ute wenye punje nyeusi kama shanga, umezungushwa kwenye mashina ya yungiyungi. Usiku wake jirani akaniita kutoka uani kwake, "Mama Neema, unawasikia?" Nilikuwa nimekaa palepale kwenye mawe.