Michelin Pilot Sport 4 kwenye Altezza, Tabora: tairi za kona kwenye mji usio na kona

Wakuu habari zenu, naandika hii kwa wale wenye Altezza, Mark X, Impreza na wenzao hapa Tabora maana kila nikipaki lazima mtu ainame kuangalia tairi halafu swali ni lile lile, hizo ndo zikoje na umepigwa bei gani. Jibu fupi ni kwamba ziko vizuri sana na zikiisha nafunga tena hizo hizo, ila sababu yangu sio ile mnayoifikiria.

Wengi mnasema tairi ya spoti ni ya kona. Sawa, nionyesheni kona Tabora iko wapi. Ukitoka hapa kwenda Nzega ni mstari, Urambo mstari, Sikonge mstari, njia ya Itigi ndo usiseme, unanyoosha mpaka usingizi unakuja. Kinachotumaliza huku ni ng'ombe wanakatiza barabara na mchungaji yuko nyuma kabisa na simu, bodaboda anageuka bila indiketa, baiskeli imejaa magunia ya mkaa saa moja jioni haina hata kimulimuli. Kwa hiyo mimi tairi naipima kwenye breki, na hasa breki ya kwenye mvua, mambo ya kona ni nyongeza tu. Na kumbukeni umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki sawasawa na spidi, ukitoka spidi 50 ukaenda 100 breki inahitaji kama mara nne ya ule umbali, hapo ndo raba nzuri inapokuokoa na raba mbovu inapokuweka kwenye ubavu wa fuso.

Gari yenyewe ni Altezza RS200, saizi iliyotoka nayo kiwandani 215/45R17, yaani upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya huo upana, rimu inchi 17. Hizi za kwangu zimeandikwa 91Y. Hiyo 91 ni mzigo, kila tairi inabeba mpaka kilo 615, na Y ni spidi mpaka 300 kwa saa ambayo huku hakuna wa kuifikia, hata treni ya SGR yenyewe inaishia 160 na sisi wenye magari madogo kwenye makazi mwisho 50 na trafiki na tochi yake yuko chini ya mwembe anakusubiri. Ila msiidharau hiyo herufi, herufi ya juu maana yake tairi imejengwa kuvumilia joto na joto sisi tunalo la kumwaga.

Halafu kuna hili la kwamba ni tairi za kiangazi, maana mtu mmoja aliniuliza sasa mvua zikianza Novemba utafunga nini. Jamani. Kiangazi kinachosemwa hapo ni cha Ulaya, wenzetu wanabadilisha tairi kwa sababu ya baridi, raba ya hizi inaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na Tabora hata ile baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba inayotufanya tuvae makoti haifiki huko. Kwa hiyo huku unatembea nazo mwaka mzima, jua kwa mvua, na mvuani ndo zinapoonyesha kwa nini zina bei. Ubavuni zimeandikwa Treadwear 320, Traction AA, Temperature A. Hiyo AA ni daraja la juu kabisa la kushika lami iliyolowa, na A ya Temperature ni la kuvumilia joto. Hiyo 320 inakwambia raba ni laini kiasi, tairi nyingi za safari za kawaida utakuta 500 au zaidi, maana yake hizi zinashika zaidi ila zinaisha mapema. Ukitaka vyote viwili kwa pamoja, hakuna kiwanda kitakupa.

Sasa niseme lililonikera muda mrefu. Gari nyingi za Japan zinashuka bandarini Dar zikiwa na tairi za theluji na mtu hajui. Inama usome ubavuni, ukikuta STUDLESS, au jina la Blizzak au iceGuard, ujue hiyo tairi ilikuwa ya barafu. Jamaa anaona kashata, yale meno ya tairi, zimesimama, nene, anashukuru Mungu kapata gari na tairi mpya juu, kumbe ile raba imepikwa iwe laini kwenye baridi kali, ukiileta kwenye lami ya Tabora mwezi wa kumi inaisha kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Na kabla haijaisha inakunyanyasa, ukishika breki ya nguvu gari inanesa, ukikwepa shimo nyuma inachelewa kukufuata. Altezza inasukumwa na tairi za nyuma, ukiwa na kitu cha hivyo nyuma halafu lami ina maji, ukikanyaga mafuta tu inakata mauno. Kama hela ipo kidogo bora tairi ya kawaida mpya ya bei rahisi kuliko studless nzuri, hapo sina mjadala.

Lingine ni tarehe. Tafuta neno DOT, mwishoni kuna tarakimu nne, mfano 3622 ni wiki ya 36 ya mwaka 2022. Kuna duka hapa mjini, jina naacha, nilitolewa seti inang'aa imepakwa dawa nyeusi, nikasoma ubavuni nikakuta imetengenezwa 2015, muuzaji ananiambia kaka hii haijatembea hata mita moja. Sikatai haijatembea, ila imezeeka ikiwa stoo chini ya bati. Michelin wenyewe wanasema tairi ikitimiza miaka mitano toka ianze kutumika ipelekwe kukaguliwa kila mwaka, na ikifika kumi toka itengenezwe itolewe hata kama kashata zipo. Nikaagiza Dar, nikaomba picha ya tarehe ya kila tairi, nne zote, ndo nikatuma hela, zikapandishwa basi zikafika salama.

Kufunga nako kuna mambo yake. Low profile, yaani tairi ya ubavu mfupi kama hizi, usikubali ifungwe kwa mtarimbo, tafuta mwenye mashine, la sivyo sport rimu yako inatoka na makovu na tairi inaweza kuchanika mdomo. Pilot Sport 4 kashata za nje na za ndani hazifanani, zimeandikwa OUTSIDE, huo upande lazima utazame nje, na fundi wa kwanza alishaanza kuvalisha moja kinyume nikamwambia mzee shusha hiyo. Baada ya hapo wili balansi na alaimenti usiruke, tairi ya bei hii kuliwa upande mmoja kwa sababu ya kubana elfu kadhaa inauma.

Zinatembeaje? Kavu, usukani umekuwa mwepesi kusikia, unageuza kidogo gari imeshaelewa, breki unakanyaga inasimama pale ulipotaka na haivuti upande. Kwenye mvua kubwa, ile ya Tabora inayokuja na upepo na maji yanatembea juu ya lami, hapo ndo nilinyoosha mikono, pale ambapo zamani nilikuwa nasikia usukani unakuwa mtupu sasa bado nasikia lami. Sio kwamba unakimbia, punguza mwendo kama watu wote. Na hiyo kazi inafanywa na zile mifereji, sheria nyingi zinaruhusu mpaka milimita 1.6 ila mimi zikikaribia 3 naanza kutafuta hela, chini ya hapo maji hayana pa kupita.

Kasoro zipo. Ubavu ni mfupi, kama milimita 97 tu, shimo lenye ncha ukiliingia kwa spidi unaongea na rimu moja kwa moja. Kwenye barabara ya vumbi raba laini inaokota kokoto, zinagonga huko chini muda wote utadhani umebeba karanga. Matuta unapita kwa adabu. Bei ndo hivyo, ya tairi moja unapata mbili za Kichina na chenji inabaki. Halafu hapa mjini stoo hamna, ikipasuka moja unasubiri basi.

Upepo angalieni asubuhi gari haijatembea, fuateni kibandiko cha mlangoni. Mafundi wetu wana tabia ya kujaza PSI 40 (PSI ndo kipimo cha upepo) kote kwa kila gari, sijui nani aliwafundisha, na joto likipanda nyuzi kumi upepo wenyewe unaongezeka karibu PSI 2, sasa ukianza na 40 asubuhi saa nane mchana unatembea na puto.

Kwa hiyo nani afunge? Kama gari inalala mjini na safari zako ni lami, Nzega, Singida, Dar, funga bila kujiuliza. Kama kila wiki unaingia vijijini kununua asali au tumbaku, achana nazo, tafuta rimu za 16 uweke 205/55R16 ya kampuni inayoeleweka. Kimo cha tairi kinabadilika kama asilimia moja tu, spidomita haidanganyi sana, ila ubavu unafika milimita 113 na mashimo unayapita kistaarabu. Jaribisha rimu kwanza kama inapita kwenye kalipa za breki kabla ya kulipa.

Na kwa wenye hela ya mbili tu, weka mpya nyuma, usisikilize wanaosema mbele ndo kunageuza. Mbele ikiteleza unapunguza mafuta gari inarudi, nyuma ikiondoka kwenye maji wengi wetu hatuna huo ujuzi wa kuirudisha.