Pampu ya kugemea maple: pampu nzuri, lakini duka lile sirudi

Yani hata sijui nianzie wapi maana bado nina hasira, na haya mambo ni ya msimu huu huu, theluji yenyewe haijaisha nyuma ya nyumba.

Mimi mzaliwa wa Kilifi, babu yangu alikuwa mgema wa mnazi, kugema nimekuona tangu mdogo. Saa hii niko Vermont, Marekani, nagema maple, ule mti wa nchi za baridi ambao maji yake matamu yanapikwa mpaka yawe sirapu. Tuna matundu ya kugemea kama 350 yaliyotobolewa kwenye miti ya msitu aliotuachia baba mkwe. Yeye alitumia ndoo maisha yake yote, sisi tukatandika mipira ya kupitishia maji inayoshuka kutoka mti hadi mti mpaka kwenye banda la kupikia, na ukishaweka mipira utataka tu pampu ya vakyumu, kwa sababu ikivuta hewa mle ndani mti unatoa maji mengi kuliko ukiacha yadondoke yenyewe. Wenyeji wanakwambia kila inchi moja ya vakyumu, yani kipimo cha nguvu ya kuvuta kwenye geji, unaongeza maji kama asilimia 5. Na galoni 40 za maji ndio unapata galoni moja ya sirapu, sasa piga hesabu uone kwa nini mtu anakosa usingizi kwa ajili ya inchi.

Kwanza nilitaka ile pampu inayozungusha maji ndani yake, hiyo hata maji ya maple yakiingia haina neno, lakini bei ikanishinda na inataka maji ya kuipoza muda wote. Zile kavu za makucha, zisizotumia maji wala oili kule ndani zinakovutia, bei yake ndio usiulize kabisa. Ikabaki ile ya vibao vinavyozunguka ndani, inayolainishwa kwa oili. Nikaenda duka moja linalosifiwa sana huku, silitaji jina, na wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yule bwana akaiwasha, akaziba mdomo wa pampu kwa kiganja, sindano ya geji ikaruka mpaka inchi 26, akaniambia umeona? Nikaona. Lakini jamani, pampu ukiiziba mdomo hiyo 26 haikuonyeshi kitu, cha kujua ni inavuta hewa kiasi gani wakati huku kuna kiungo kimelegea na kule kindi ametafuna mpira. Huku wanahesabu futi moja ya ujazo ya hewa kwa dakika kwa kila matundu 100, mimi nakushauri uongeze juu ya hapo. Kwa hilo pampu iko sawa, sitasema uongo.

Kilichonimaliza ni maji. Kati ya rilisa, yani kile chombo kinachopokea maji ya maple na kuyamwaga kwenye tangi, na pampu yenyewe, lazima pawe na chupa ya kunasa maji, ndani ina boya, maji yakipanda boya linaziba njia. Hakunitajia!! Na nilimuuliza kwa mdomo wangu huu, kuna kitu kingine nahitaji? Akasema hapana, peleka, funga, washa.

Basi ikaja ile siku tunayoisubiri mwaka mzima, usiku barafu, asubuhi jua kali, miti inatiririka. Rilisa nayo ina boya lake la kufungulia maji, hilo likawa limegandia kwenye barafu, maji badala ya kumwagika tangini yakafuata mpira wa hewa moja kwa moja mpaka kwenye pampu. Nilisikia mlio umebadilika kama mtu anayekohoa, nikakimbia, nikaangalia kile kioo cha oili, oili iliyokuwa rangi ya asali imekuwa chai ya maziwa, inatoa povu. Nikazima. Siku nzuri hivo tundu moja linakupa galoni nzima au zaidi, na mimi nimesimama hapo nina bisibisi mkononi.

Nikawapigia. Yule yule bwana. Namweleza oili imeingia maji, ananikata, ati "naomba niongee na mumeo." Mume wangu anafanya kazi hospitali zamu ya usiku, pampu hajui hata inawashiwa wapi, msitu nausimamia mimi, kila tundu nimelitoboa mimi. Nikamwambia mwenye pampu unaongea naye. Akasema mtu anayeijua kazi hii angeweka chupa ya kunasa maji bila kuambiwa, akakata simu.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, alifuga ng'ombe wa maziwa miaka mingi na pampu za kukamulia ni ndugu na hizi. Tukamwaga oili, tukatia mpya, tukaiwasha kidogo, tukamwaga tena, mara ya tatu ikatoka safi. Akanipa chupa yake ya zamani ya kioo, tukaifunga hapo hapo. Siku mbili zilikuwa zimeshapotea.

Na hapa lazima niwe mkweli, tangu siku hiyo pampu inafanya kazi vizuri mno, nimepanda mpaka mti wa mwisho juu kabisa na geji ya mkononi nikakuta inchi 24, nilitaka kulia. Nilipoanza kuandika nilikuwa nawapa nyota moja, katikati nikasema hapana pampu ni nzuri niwape nne. Lakini kila nikiikumbuka ile "naomba niongee na mumeo" mkono unakataa. Nyota nne ziende kwa pampu, duka halipati hata moja. Waliahidi meneja atanipigia, sirapu ishakwisha kuingia kwenye chupa na bado nasubiri.